Viazi kwanza, mchicha mwisho

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: kijana anayeanza kujitegemea, mwenye jiko moja la mkaa na chombo kimoja cha kupikia, afundishwe chakula gani kwanza, na kwa nini kiwe hicho? Nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wametaja wali. Mmoja ametetea ugali na dagaa kwa nguvu zote, na mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo kumpinga anayesifia dagaa si jambo jepesi. Hata hivyo jibu langu ni viazi mviringo na mchicha, vilivyokaangwa kwa mawese katika kikaango kimoja.

Nianze na dagaa, nisije nikaonekana nimelisaliti ziwa letu. Dagaa ni kitoweo chetu na tunajivunia, lakini hawapatikani wakati wote. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hatua ile naiunga mkono kwa moyo wote, maana ziwa likiisha na sisi tumekwisha. Ila miezi 3 ni mingi kwa mtu ambaye hajui kupika kingine. Kipindi hicho hapa Mwanga mchicha wa mabondeni ulikuwepo sokoni kila asubuhi, na mpaka leo fungu lake linanunulika kwa sarafu. Viazi navyo havikosekani, ingawa sehemu kubwa ya viazi vya nchi hii hulimwa Nyanda za Juu Kusini, huko Njombe, Mbeya na Iringa, na safari ya kutoka huko hadi Kigoma ni ndefu. Mawese ndiyo yetu wenyewe. Katika mkoa huu ukienda upande wowote hukosi mchikichi.

Sababu kubwa lakini si bei. Wali ukishajua kipimo cha maji umeujua. Chakula hiki kinamfundisha mpishi mpya kwamba kila kitu kinachoingia kikaangoni kina wakati wake. Kiazi kinataka mafuta, moto wa wastani na subira. Mchicha unataka dakika 2 au 3 tu, zikizidi umeuharibu. Ukivitia pamoja kwa mpigo mmoja, mchicha unamwaga maji yake, viazi vinachemka badala ya kukaangika, na unachopakua ni rojo la kijani lisilo na ladha. Anayeelewa kwa nini hali huwa hivyo ataweza kupika kabichi, bamia, nyama, chochote utakachomletea.

Basi kwa watu wawili: viazi nusu kilo, mafungu 2 ya mchicha, kitunguu maji kimoja kikubwa, punje 2 au 3 za kitunguu saumu, vijiko 3 vya chakula vya mawese, chumvi, ndimu, na pilipili kwa anayeitaka.

Viazi vimenywe na kukatwa vipande vidogo vyenye unene unaolingana. Kulingana ndiko muhimu kuliko umbo. Vioshwe kwa maji mpaka ule weupe wa wanga upungue, kisha vichujwe na kukaushwa kwa kitambaa safi. Vijana wengi huruka hatua ya kukausha, na viazi vyao hunata kwa sababu hiyo. Maji yakiingia kwenye mafuta ya moto hurusha cheche, yanapoza kikaango, na wanga uliobaki unashika chini kama gundi.

Mawese yana namna yake. Wapo wanaoyachoma mpaka yafuke moshi na kupauka ili harufu iishe. Mimi nawasihi wasifanye hivyo. Ule wekundu ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali unaiua. Yapashe kwa moto wa kawaida, tupia kipande kimoja cha kitunguu, kikianza kutoa mapovu pembeni mafuta yako tayari. Kitunguu hicho kinatosha kutuliza harufu.

Sasa tandaza viazi, safu moja, visipandiane. Nyunyiza chumvi kidogo. Halafu uviache.

Hapo ndipo penye mtihani. Nina mpangaji, kijana fundi simu, ambaye alikuja kwangu hajui hata kuchemsha yai. Siku niliyokuwa namwelekeza alishika mwiko kama anasonga ugali. Dakika haijaisha anageuza, dakika haijaisha anakwangua. "Mama, vimeganda!" Nikamwambia, "Viache, mwanangu. Vikiwa tayari vitajiachia vyenyewe." Alikunja mikono akasimama pale, anaangalia, mguu mmoja mbele kama anayetaka kuanza mbio. Baada ya dakika kama 5 nikampa kisu akainua kipande kimoja kwa ncha. Kilitoka bila kubandua kitu. Chini yake palikuwa na ukoko mwembamba wenye rangi ya machungwa iliyokolea, kingo zikielekea kahawia, na sehemu ya juu bado nyeupe. Alikitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tangu siku hiyo hakukwangua tena.

Ndivyo ilivyo. Kiazi kibichi hushika chuma, kikishajifunga ukoko kinaachia. Ukikilazimisha kabla ya wakati, ukoko unabaki kikaangoni na wewe unabaki na vipande vilivyochunika.

Ukishavigeuza, ongeza kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, punguza moto kwa kuvuta mkaa pembeni, na ufunike dakika 5 au 6. Mvuke utaivisha ndani. Choma kipande kwa ncha ya kisu: kikipita bila kukwama, kimeiva. Funua kabisa, rudisha mkaa, acha unyevu ukauke. Kitunguu saumu kilichopondwa kinaingia wakati huu, kwa sababu kikiingia mapema kinaungua na kuleta uchungu.

Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, na uoshwe hasa, maji mara kadhaa, mpaka usihisi mchanga chini ya beseni. Ukiukata kwanza ndipo uuoshe, vitamini zinakwenda na maji. Ukung'ute vizuri, ukate, uutupie juu ya viazi, tia chumvi kidogo, kisha geuza taratibu kutoka chini kwenda juu. Utaona lundo linashuka ghafla. Usifunike. Majani yakishalegea huku bado yana kijani kinachong'aa, epua. Kuna wanaotia magadi ili kijani kibaki. Rangi kweli inabaki, lakini magadi yanapunguza vitamini C na baadhi ya vitamini B, na kwa mboga inayokaa motoni dakika 3 hayana kazi.

Mwisho kamulia ndimu. Si kwa ladha peke yake: madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C ya ndimu husaidia yapokelewe. Kwa sababu hiyo hiyo chai ya rangi isubiri, isinywewe pamoja na chakula hiki, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Nayasema haya nikiwafikiria zaidi mabinti na kina mama wajawazito. Hao ndio wanaohitaji chuma kuliko sisi wengine.

Na nyanya? Najua hapa nitagombana na wengi. Nyanya ni tamu, lakini ina maji, na ukiitia unafuta ule ukoko ulioungoja kwa dakika zote hizo. Anayetaka nyanya apike mchuzi wa viazi siku nyingine. Mwenye hamu nayo sana aikate mbichi, aiweke pembeni ya sahani pamoja na pilipili. Kikipatikana kiporo cha maharage, chakula kimekamilika. Yai likivunjwa juu dakika ya mwisho nalo sina ugomvi nalo.

Kuhusu kununua na kutunza viazi nitasema kidogo tu. Chagua vigumu, visivyo na rangi ya kijani. Vikikaa juani au kwenye mwanga mwingi ngozi inageuka kijani, na pamoja na kijani hicho inaongezeka sumu iitwayo solanini, ambayo kupika hakuiondoi. Kata sehemu hiyo kwa kina pamoja na macho yaliyochipua. Kiazi kilichogeuka kijani sehemu kubwa kitupe. Nyumbani viweke gizani, kwenye kikapu au gunia linalopitisha hewa, visikae kwenye mfuko wa plastiki.

Jambo la mwisho linanigusa zaidi, maana vijana huniuliza. Mchicha ukikosekana, matembele yanafaa sana, na majani ya maboga pia, ila haya umenye nyuzi zake na uyape dakika za ziada. Sukuma wiki ikatwe nyembamba. Kisamvu hapana: kinatakiwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, dakika 3 za kikaangoni haziwezi kazi hiyo. Na kwa kuwa matembele ni majani ya viazi vitamu, asije kijana mwenye kibustani akadhani majani ya viazi mviringo nayo ni mboga. Hayo yana sumu, hayaliwi, hata yachemshwe namna gani.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma