Mwalimu Anajibu: Binti kashinda wilaya, na Septemba ana mtihani

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu michezo, vipaji na mashindano katika shule za serikali, na nyingi zimetoka wilaya za mkoa wetu wa Tabora. Nimechagua tatu.

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la saba hapa Nzega, anakimbia mita 800. Kashinda kata, kashinda wilaya, sasa anatakiwa mkoani, na akichaguliwa huko ataingia kambi ya timu ya mkoa kwa ajili ya UMITASHUMTA taifa, yale mashindano ya shule za msingi. Mwalimu wa taaluma kaniita, anasema mtihani ni Septemba na nikimruhusu nisije nikalia baadaye. Baba yake anakubaliana na mwalimu. Nifanyeje?*
Mama wa watoto wanne, Nzega

Marahaba, mama. Mruhusu aende.

Nasema hivyo baada ya miaka mingi ya kufundisha darasa la saba na kusimamia michezo kwa pamoja. Mwalimu wa taaluma hana nia mbaya, maana ufaulu wa shule unasomwa mbele ya wakubwa wake na jina lake limo. Lakini angalia kalenda. UMITASHUMTA taifa kwa kawaida huangukia Juni, karibu na likizo ya nusu mwaka. Baada ya hapo binti ana Julai nzima na Agosti nzima kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Mtihani wenyewe ni masomo 6, kila somo alama 50. Nenda shuleni ukakae na huyo mwalimu, umwombe matokeo ya majaribio ya binti, mtazame pamoja ni somo gani linamwangusha. Likiwa Hisabati, abebe daftari la Hisabati kambini. Wanaosimamia timu ni walimu wa darasani kama wengine, na jioni kambini ni ndefu. Mwombe mkuu wa msafara watoto wa darasa la saba wapewe saa moja ya kusoma kila usiku. Ombi hilo likitoka kwa mzazi halipuuzwi kirahisi.

Kabla hujasaini kibali, uliza mambo ambayo wazazi wengi huona haya kuyauliza. Matroni ni nani, na atalala jengo moja na wasichana? Namba yake ya simu ni ipi? Binti akiugua usiku, anapelekwa wapi, na kwa gari la nani? Mfungie pedi za kutosha hata kama bado hajaanza, kwa sababu wengi huanza wakiwa safarini na hushindwa kumwambia mtu. Na kama amefanya mazoezi yote peku, asije akavalishwa raba mpya asubuhi ya shindano. Nimeona watoto wenye mbio nzuri wakitoka malengelenge kwenye mzunguko wa kwanza wakaishia kutembea.

Kwa baba, nakuomba usibishane naye nyumbani. Siku ya mashindano ya mkoa njooni wote wawili Tabora mjini mkae pale uwanjani mumtazame. Baba ambaye hajawahi kumwona binti yake akipita wenzake katika mita 200 za mwisho hajui anachokikataa.

*Shikamoo Mwalimu. Shule yetu ya msingi ina watoto zaidi ya elfu moja na mwalimu wa michezo ni mimi peke yangu, na hapo bado nina vipindi vya Sayansi. Kiwanja ni cha mpira tu. Kwenye vikao vya tathmini vya wilaya shule inasomwa kwa ufaulu peke yake. Vikombe viko juu ya kabati la Mwalimu Mkuu na hakuna anayejua vilichukuliwa na watoto gani. Nianzie wapi?*
Mwalimu wa michezo, Igunga

Marahaba, mwenzangu. Anzia kwenye daftari. Kiwanja tutakifikia baadaye.

Sentensi yako ya mwisho imenikaa rohoni, kwa sababu ndiyo hali ya wilaya nyingi nchini. Mtoto anashinda, anapigiwa makofi mstarini Jumatatu, kikombe kinapanda juu ya kabati. Miaka miwili baadaye mwalimu amehamishwa, mtoto amekwenda sekondari, na hakuna karatasi hata moja inayosema alikimbia nini, lini, kwa muda gani. Sekondari anakoanza kidato cha kwanza hawamjui. Anarudi kuwa mgeni, na kama mwalimu wa huko hana muda wa kutafuta vipaji, ndiyo mwisho wake. Halafu tunakaa redioni kuulizana vijana wako wapi.

Nunua kaunta buku. Kila ukurasa uwe wa mtoto mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, namba yake ya PREM (ile ya usajili wa mwanafunzi), mchezo au fani, kisha chini yake tarehe na kipimo. Namba ya PREM usiisahau, kwa sababu ndiyo inayomfuata akihama shule, na ndiyo itakayokukinga siku utakapotuhumiwa kuchezesha mamluki. Kipimo kiwe namba. Usiandike "alikimbia vizuri", andika mita 800, dakika na sekunde. Simu yako ina stopwochi. Kuruka chini, pima kwa futi kamba ya fundi. Kwa netiboli andika amecheza nafasi gani na amefunga mangapi. Waimbaji wa kwaya nao waandike, anayeongoza sauti ya pili, anayepiga ngoma. Wanakwenda mashindano hayohayo na husahaulika mapema kuliko wote.

Sekunde si jambo dogo. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu kwenye mashindano hayo ya riadha. Alikimbia kilomita 42 na ushee akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Filbert Bayi naye, Februari 1974 huko Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Nusu karne imepita na bado tunaitaja hadi desimali, kwa kuwa ilipimwa na ikaandikwa.

Mwisho wa kila muhula chora jedwali la ukurasa mmoja kutoka kwenye hilo daftari. Nakala moja ibandike ubao wa matangazo, nyingine mpe Afisa Elimu Kata, ya tatu apelekewe afisa michezo wa wilaya. Usisubiri kuombwa. Kikao cha tathmini kinasoma kilichomo mezani, na hadi sasa mezani kumekuwa na ufaulu tu. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kuanzia matokeo ya 2022, na mimi niliunga mkono. Lakini nafasi ile ikabaki wazi, na wilaya nyingi hazijaweka kitu kingine cha kuwaheshimu watoto. Jedwali lako linaweza kukaa hapo.

Darasa la saba wakimaliza, ukurasa wa kila mmoja unakili na umpelekee mkuu wa sekondari aliyopangiwa. Ni karatasi tu na nauli ya bodaboda.

Sasa kiwanja. Hamhitaji njia ya mita 400. Chora ya mita 200 ndani ya kiwanja cha mpira: pande mbili zilizonyooka za mita 50 kila moja, na ncha mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 15.9. Chomeka kigingi katikati ya kila nusu duara, funga kamba ya urefu huo, zunguka nayo ukimwaga majivu. Mita 800 inakuwa mizunguko 4. Kona zake ni kali, kwa hiyo muda utakuwa mbaya kidogo kuliko wa uwanja mkubwa, ila watoto wako watalinganishwa wao kwa wao, na mwaka huu na ujao.

Kuhusu fedha sitakudanganya. Ruzuku ya Sh10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka ni ndogo, na michezo inagombania na chaki, mitihani na ukarabati. Ndiyo maana nimekushauri mambo ya majivu na daftari.

Jambo moja zaidi. Usiwaache watoto wenye ulemavu nje ya hilo buku. Mashindano ya taifa yalipofanyika hapa Tabora mwaka 2022, 2023 na 2024 nilikwenda kutazama, na mchezo ulionishika zaidi ni ule wa wasioona: watatu kila upande, macho yamefungwa, mpira una kengele ndani, na watazamaji wanatakiwa kunyamaza kabisa ili wachezaji wausikie. Wilaya yenye shule ya kitengo maalumu na isiyopeleka timu inapaswa kujieleza.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili, Urambo. Mimi na rafiki yangu tunajaribu kuzuia dumuzi kwenye mahindi kwa majivu na majani ya mwarobaini. Wenzetu wanatucheka. Je, kuna mashindano ya mambo haya?*
Mwanafunzi, Urambo

Marahaba, mwanangu. Yapo. Young Scientists Tanzania ilianzishwa 2011, na wanafunzi hushiriki wakiwa wawili na mwalimu mlezi, kwa hiyo wewe na rafiki yako mnatosha kabisa.

Na mmechagua jambo la kwetu hasa. Dumuzi asili yake ni Amerika ya Kati, na katika Afrika alionekana kwanza hapahapa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wazee walimwita skania. Bibi yako anaweza kukusimulia maghala yalivyogeuka unga.

Ila majaji watawauliza mmejuaje kwamba ni mwarobaini uliosaidia. Chukueni ndoo 3 zenye mahindi ya gunia moja, uzito sawa. Moja isiwekwe kitu, ya pili majivu, ya tatu majani makavu yaliyopondwa, na idadi ya dumuzi iwe sawa kote. Kila Jumamosi chukueni punje 100 kutoka kila ndoo bila kuchagua, hesabuni zilizotobolewa, andikeni tarehe na namba. Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu, na msifute wiki ambayo matokeo yamewakataa. Kisha mwonyesheni mwalimu wa Baiolojia hilo daftari, mumwombe awe mlezi wenu. Akisita, mwambie aniandikie.