Mzazi Akifungwa, Mtoto Abaki wa Nani?

Kaka yangu alipofungwa kwa kuiba fedha za mwajiri wake, mwanawe alikuja kuishi kwangu. Mama mtu alishafariki. Ndugu wengi walinishauri niende mahakamani, kaka avuliwe haki zote za mzazi na mtoto awe wangu moja kwa moja. Sikwenda, na kama una mtoto wa ndugu aliye gerezani, nakushauri usiwe na haraka.

Mtu kuiba kazini ni kosa, na adhabu yake ni kifungo. Haki za mzazi ni kesi nyingine, yenye swali lake: huyu mzazi amemfanyia nini huyu mtoto? Mwaka 2004, katika kesi ya Sabou na Pircalab dhidi ya Romania, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikutana na mwandishi wa habari aliyehukumiwa kwa kosa la kashfa. Pamoja na kifungo, sheria ilimvua haki za mzazi papo hapo, bila hakimu kuuliza lolote kuhusu watoto. Kashfa ya gazetini na watoto wapi na wapi! Mahakama ikaamua kwamba haki yake ya maisha ya familia ilikiukwa.

Aliyemdhuru mtoto, au aliyemuua mzazi mwenzake, huyo simtetei. Mahakama imzuie, na mapema.

Kinachowaponza wafungwa wengi hata hivyo si ukubwa wa kosa, ni muda. Kwa sheria ya Marekani ya 1997, mtoto akikaa chini ya malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo kwa kawaida linatakiwa kufungua shauri la kufuta haki za mzazi. Kifungo cha miaka miwili tu kinatosha kukufikisha hapo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu jimbo lisifungue shauri pale mtoto anapolelewa na ndugu. Ndiyo maana nasema shangazi, bibi au mjomba akijitokeza siku za mwanzo, anaweza kuokoa mengi.

Tena kukabidhiwa ulezi si lazima kumfute mzazi. Omba amri ya ulezi, au walau idhini ya maandishi. Sisi tuliijua thamani ya karatasi hiyo hospitalini. Mtoto alitakiwa kupasuliwa ngiri, muuguzi akanisogezea fomu na kalamu. "Wewe ndiye mama?" Nikasema ni shangazi. Akaivuta fomu yake taratibu, kalamu akaniachia. Upasuaji ulisubiri hadi barua ya kaka ilipotoka gerezani ikiwa na sahihi yake na muhuri wa ofisa. Baada ya hapo tuliandika idhini moja inayotaja matibabu, shule na safari, na nakala yake haikutoka kwenye mkoba wangu.

Kwa uliye ndani: andika barua hata kama hujibiwi, na ubaki na kumbukumbu ya tarehe. Ukisikia kuna shauri kuhusu mwanao, omba kwa maandishi ufikishwe mahakamani au upewe wakili. Ukikaa kimya, mahakama inaweza kuona umemtelekeza.

Kwa unayelea: usimwambie mtoto kwamba baba kasafiri. Atayasikia shuleni, tena kwa kejeli. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9, unamtambulia mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale inapomdhuru. Wetu, siku ya kwanza gerezani, alimkagua baba yake kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, kisha akamuuliza kama usiku wanazimiwa taa. Baba mtu akamjibu kwamba taa haizimwi. Wakacheka, ndipo wakaanza kuzungumza. Kama mtoto hataki kwenda, msimburute. Barua zitatosha kwa muda.

Mzazi akitoka, usimkabidhi mtoto siku hiyohiyo. Sisi tulianza na Jumamosi mchana, kisha wikiendi nzima, kisha likizo. Kaka alilalamika kwamba namcheleweshea mwanawe, nami sikumlaumu. Ratiba hiyo tuliiandika, wote wawili tukasaini, na mtoto naye akadai kuweka sahihi yake.