Wiki ya tatu baada ya kuacha

Nilipotoka soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, watu walinipongeza mpaka nikaona haya. Hakuna aliyejua kwamba miaka yote niliyobwia unga sikuwahi kuwaza kujiua kama nilivyowaza wiki ya tatu baada ya kutoka. Unga ulikuwa umenifunikia madeni, aibu na mtoto asiyenijua sura. Ulipoondoka, yote yakabaki wazi mbele yangu, na usingizi ulikuwa haujarudi.

Basi nikisikia familia inasema "ameacha, yamekwisha," nashtuka. Ukikaa wiki chache bila heroini, mwili unapoteza uzoefu wake, na kiasi kile kile cha zamani kinaweza kukuua. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya kutoka gerezani au kituoni huondoka na watu wengi. Sasa ongeza juu yake moyo uliokata tamaa. Mwenzenu anahitaji kuwa na mtu karibu wakati huo kuliko alipokuwa arosto, yaani akiteswa na maumivu ya kukosa dawa, ila ndio wakati ambao kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake.

Mimi aliniwahi mtu tuliyekuwa tukitumia pamoja. Alikuja, akakaa kimya kidogo, akaniuliza: "Unafikiria kujiua?" Nilikasirika, kisha nikasema ndiyo. Wengi wanaliogopa swali hilo wakidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi. Linamtua mzigo. Lakini liulize hivyo hivyo, bila kupindisha. Ukisema "wewe huwezi kufanya ujinga, sivyo?" umeshamwambia ajibu nini.

Siku hizi mimi ndiye ninayekaa na watu, na nimejifunza kwamba kwetu jibu mara nyingi si ndiyo wala hapana. Mtu amezidisha dozi, amezinduliwa, kila mtu anasema ni ajali. Nikimuuliza kesho yake tukiwa wawili, ananiambia: "Sikutaka kufa, ila sikujali kama nitaamka." Nimeyasikia maneno hayo kwa vinywa vingi. Usiyapite eti kwa sababu hakusema kujiua. Muulize lini yalianza, usiku gani huwa mgumu, na kama kuna kitu amekipangia. Akiwa amepanga, usimwache peke yake, hata kwa kwenda dukani. Mpeleke kwenye huduma ya dharura na ubaki naye.

Wimbi la kutaka kufa hupanda likashuka, mara nyingine ndani ya dakika chache au saa kadhaa. Kazi yenu ni kumvusha. Vidonge vya nyumbani, hata vya bibi, vikae kwa mtu mwingine. Andikeni naye kwenye karatasi, akiwa ametulia: dalili zinazomjia kwanza, kitu kinachomtuliza, mahali pa kwenda, nani wa kumpigia, na wa pili kama huyo hapokei. Aandike kwa mkono wake na kwa lugha yake, ya kwangu ilianza na "nikianza kuzima simu."

Kwa anayetumia kokeini au methamfetamini, mchungeni zaidi siku zile dawa inapomwishia, maana giza huanguka ghafla. Pombe nayo huondoa breki. Kwa wa heroini, naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, iwepo na wanaoishi naye wajue kuitumia. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa kuwa nguvu ya naloksoni inaweza kuisha wakati heroini bado imo mwilini.

Na tafadhali, msimwachishe mtu methadoni, dawa anayopewa kutibu uraibu wa heroini, kwa kusema "hiyo nayo si dawa ya kulevya tu?" Methadoni na mwenzake buprenofini hupunguza vifo, kuzikatisha ghafla kunarudisha hatari. Hili linanichosha kulieleza.

Kuna mhudumu aliwahi kuniambia niache kwanza, ndipo tuongee habari za huzuni yangu. Nilirudi nikatumia siku ile ile. Mambo hayo mawili yanatibiwa pamoja. Ukifukuzwa mlango mmoja kwa kuwa bado unatumia, gonga mwingine, na uende na mtu wa kukusemea.

Daktari mmoja wa Marekani, Jerome Motto, aliwapelekea barua fupi wagonjwa waliokataa kuendelea na matibabu baada ya kulazwa. Hazikudai chochote; ziliwajulia hali tu. Matokeo aliyoyachapisha na mwenzake mwaka 2001 yalionyesha kuwa katika miaka miwili ya kwanza waliopata barua walijiua wachache kuliko wasiopata. Mimi sina barua, nina simu. Kila Jumapili jioni natuma: "Nimekukumbuka. Si lazima ujibu." Wengi hawajibu, na Jumapili inayofuata natuma tena.