Pedi zinachelewa, na kiki inalia mara mbili

Kaka wa Uyole, umeuliza kwa nini pedi zako za kugongea biti kwenye laptopu zinachelewa kulia, na kiki (ngoma nzito ya chini) inalia mara mbili. Pedi zako ni nzima. Mlio kuchelewa baada ya kugonga ni shida ya laptopu: Windows bila draiva ya ASIO (inayoipitisha sauti njia ya mkato hadi kadi ya sauti) huichelewesha sauti. Kama huna kadi ya sauti ya nje, weka ASIO4ALL (ni ya bure), kisha shusha bafa (kipande cha sauti ambacho laptopu hukikusanya kabla ya kukitoa) hadi sampuli 128. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 3. 1024 ni milisekunde 23, na hapo kidole na sikio havielewani tena. Ikianza kukwaruza, panda 256. Ukifika kwenye kumiksi rudisha 1024, hugongi kitu hapo. Spika ya bluetooth weka kando kabisa, vaa hedifoni za waya.

Kiki kulia mara mbili kwa pigo moja mara nyingi ni suala la kizingiti cha pedi, yaani nguvu ndogo kabisa ya pigo inayoifanya ilie. Kipandishe hatua moja moja huku unagonga kwa kidole cha kati, na utandike kitenge kilichokunjwa chini, maana meza ikitikisika na pedi ya jirani inalia. Mvua juu ya bati isikutishe, pedi hazina maiki.

Zikiwaka bila mlio, angalia namba ya noti ambayo kila pedi inaituma kwenye programu: kiki 36, sneya (ngoma ndogo kali) 38.