Kabla ya kununua lenzi, kaa uani kwanza

Juzi kijana mmoja wa Likoni kaniandikia: "Kaka, nimejichanga hadi nina elfu themanini. Ninunue lenzi gani nipige ndege kama yule wako?" Yule wangu ni mnana dume, ananing'inia chini ya kiota chake akipigapiga mbawa. Mwezi uliopita hoteli moja ya Nyali iliinunua picha hiyo ikaitundika mapokezini. Nimeshapita mara tatu kuitazama nikijifanya naulizia bei ya vyumba.

Nikamjibu: "Usinunue kitu. Kamera unayo?" Akanyamaza siku mbili. Nadhani nilimuudhi, basi ngoja nieleze.

Mimi lenzi niliinunua. Ya milimita 150 hadi 600, ya kuvuta vitu vya mbali, ya mkono wa pili, zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika. Pesa zile zilikuwa za kuezeka chumba cha mamangu, na jambo hilo hulisikia upya kila mvua ikinyesha. Machi ile nikapanda matatu hadi Watamu, nikashuka hori ya Mida. Msimu ulikuwa wenyewe: ndege wahamiaji wanajishibisha kabla ya kurudi kaskazini kuzaa, na wengine wameshaanza kuvaa manyoya ya harusi. Nilifika saa nne, jua limekwisha kupamba moto. Mvuke wa joto ukipanda juu ya tope, lenzi ndefu hainusuru kitu, kila ndege hutoka anatetemeka kama yuko chini ya maji. Picha mia nane na ushei, na hata moja hakuna ambayo jicho la ndege linaonekana wazi.

Nikazionyesha kwa wapiga picha wenzangu. Mkubwa mmoja akasema mbele za watu, "Wewe rudi nyumbani ukapige kunguru." Nimemsamehe. Karibu nimemsamehe.

Nikarudi Kisauni, na masika yakaingia. Lenzi niliifungia kabatini ndani ya mkoba wake. Juni naitoa, kioo kimeota kuvu. (Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu msivitupe, jamani. Vitieni kwenye mkoba wa kamera, na mkoba wenyewe uanikeni juani.)

Nilichobaki nacho ni kile kilenzi kidogo cha 55 hadi 250. Na uani kuna mnazi mfupi uliojaa minana.

Nikaketi kwenye kigoda kila alfajiri, wiki mbili. Wiki ya kwanza sikupata kitu cha maana ila nilijifunza kutazama. Mnana dume, yule wa manjano mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, huuma ukingo wa kuti, kisha huruka nao, na ule uzi wa kijani hupasuka nyuma yake kama mshonaji anayechana kitambaa. Kwanza husuka pete moja tu. Husimama ndani ya pete hiyo, akajenga kwa kadiri shingo yake inavyofika. Akimaliza hujining'iniza chini yake akapiga mbawa na kelele, na jike huja kukagua. Jike akikataa, kiota kikakauka, dume mwenyewe hukifumua akaanza upya. Ukishaijua ratiba hiyo, unajua atatua wapi kabla hajatua. Picha ya hotelini niliipiga hivyo: mita nne, saa moja na nusu asubuhi, kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, kwa kilenzi cha kuchekwa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiona fundi.

Kwenye mlimau wetu chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, alikuwa amening'iniza kiota chake, kifuko cha nyasi na utando wa buibui, mlango ubavuni. Vijitawi vitatu vilikuwa vinaniziba. Nikaingia jikoni nikachukua kisu, nikavikata. Picha ilitoka tamu sana: vinywa viwili vya rangi ya chungwa vimefunguka, mama kaleta mdudu. Kesho yake asubuhi nikasikia kelele. Kunguru alikuwa ametua palepale nilipopafyeka, na kifuko kimechanika hadi chini. Mama chozi alizunguka mlimau ule hadi adhuhuri. Mamangu hakusema neno. Alikichukua kisu chake akakiosha.

Ile picha sijaionyesha mtu. Na nyinyi mnaonitumia picha za makinda mkitaka sifa, nitawauliza swali moja: yale majani yalikwenda wapi? Mji huu umejaa kunguru hawa wa Kihindi, waliletwa Unguja karne ya 19 wakaenea pwani nzima, na kila kiota unachokifunua wewe umewafunulia wao. Tawi likikuziba, sogea wewe. Ukikosa, umekosa. Subira hainunuliwi kwa elfu themanini, na wala usinijibu eti ulikuwa mbali.

Kijana wa Likoni hatimaye kajibu. Kamera anayo, ya shangazi yake, na nyuma ya nyumba yao kuna mpapai ambao shorewanda hugombania matunda yake. Nimemwambia aanze hapo, akae jua likiwa mgongoni mwake, na ikifika saa tatu aingie ndani anywe chai.

Mwaka huu chozi amejenga tena mlimauni, safari hii upande wa ukutani, na majani mawili mapana yameuziba mlango. Hadi leo nina picha tatu. Zote ni mkia.