Aliyeogelea Olimpiki anaweza kumfundisha mtu mzima anayeanza sifuri?

Mkuu, umeuliza kama mwogeleaji wa Olimpiki anamfaa mtu wa miaka 45 asiyejua kuelea. Anaweza kumfaa, ila si kwa sababu ya medali. Sheila Taormina wa Marekani alipata dhahabu ya kupokezana mita 4x200 fristaili (mtindo huru, wa kuogelea kifudifudi) Atlanta 1996, akarudi Olimpiki kwa triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) 2000 na 2004, kisha kwa pentathloni ya kisasa 2008, na baadaye akawa mkufunzi. Mchezo huo wa mwisho wakati ule ulikuwa na upanga, shabaha na farasi, na aliuingia akiwa amevuka miaka 30. Mtu aliyewahi kuwa mbumbumbu ukubwani hufundisha tofauti na aliyeogelea tangu utotoni akasahau alivyofundishwa.

Kinachosahaulika zaidi ni pumzi. Mtu mzima huibana akiwa chini ya maji, kaboni dayoksaidi inajaa, na baada ya mita 15 anahisi kukabwa ilhali mapafu yamejaa hewa. Anainua kichwa, nyonga zinazama, miguu inaanza kukanyaga kama ya mpanda baiskeli. Wengi husema hawana stamina. Tatizo ni kutotoa hewa. Dawa: simama kwenye maji ya kifuani, vuta haraka kwa mdomo, zamisha uso, toa polepole kwa pua sekunde 4 hadi 5, inuka uvute tena. Mara 10 mfululizo. Usivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama, unaweza kuzimia majini bila dalili.

Kabla ya kuelea, fundishwa kusimama: magoti kifuani, viganja visukume maji chini, kichwa kiinuke, ndipo nyayo zitafute sakafu. Hofu nyingi huisha hapo, kwa sababu mtu anajua atatokaje.

Kocha akikupa ubao wa kupigia mateke siku ya kwanza, mtilie shaka. Ubao huinua kifua na kuzamisha nyonga, kosa lile lile unalotaka kuliacha. Wakimbiaji ndio huteseka zaidi: vifundo vyao vya miguu ni vigumu, hufanya nyayo zikae kama nanga. Piga teke dogo kutoka nyongani, vidole vimenyooka nyuma, na fanya mazoezi ya kulegeza vifundo nchi kavu.

Kwenye fristaili, geuza kiwiliwili ili kuvuta hewa, jicho moja libaki majini. Mkono uingie mbele ya bega, usivuke katikati ya kichwa, wala usitangulize kidole gumba. Bega la mtu mzima halisamehe.

Mazoezi nayo yapunguzwe. Mita 25 mara 8, ukipumzika sekunde 30 kila moja, zinatosha mwanzoni. Mkono ukianza kupoteza umbo, simama hata kama hesabu haijaisha.

Ukifika mbali, mashindano ya kimataifa ya wakongwe huanzia miaka 25, makundi yakipishana miaka 5, na unaruhusiwa kuanzia ndani ya maji badala ya kuruka.