Maswali ya Wasomaji: Tajiri Anapoingia Kwenye Sera ya Shule

Tangu tulipogusia suala la elimu ya Marekani, zimetufikia barua kadhaa zinazouliza kuhusu matajiri na zile shule ambazo Wamarekani huziita charter, nasi hapa tutaziita shule za mkataba. Tumechagua tatu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Mjukuu wangu anasoma Marekani katika shule ya aina hiyo, nami nimeelezwa kwamba ni shule ya umma isiyoendeshwa na serikali. Nimesikia pia kwamba Bill Gates na warithi wa kampuni ya maduka ya Walmart ndio wenye shule hizo. Mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote anawezaje kuamua shule za nchi ziendeshweje?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Matajiri hao hawamiliki shule hizo. Shule ya mkataba hulipiwa na kodi za wananchi, haitozi karo, na waombaji wakizidi nafasi, watoto huingia kwa bahati nasibu. Inachotofautiana na shule ya kawaida ya umma ni kwamba inaendeshwa na bodi binafsi iliyopewa mkataba na mamlaka ya elimu, na mkataba huo unaweza kufutwa shule ikishindwa kutimiza ilichoahidi. Jimbo la Minnesota ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1991, na leo wanafunzi zaidi ya milioni 3.7 wanasoma katika shule hizo nchini kote.

Kwa hiyo ukitaka kuuona mkono wa tajiri, usiutafute kwenye hati za umiliki. Utafute kwenye sheria. Shule ngapi ziruhusiwe, nani awe na mamlaka ya kutoa mkataba, na mtoto anapohama shule afuatwe na kiasi gani cha fedha: hayo yote huamuliwa na jimbo, na huko ndiko fedha za wafadhili zinakofanya kazi kubwa kuliko katika kununua madawati.

Chukua jimbo la Washington, nyumbani kwa Gates mwenyewe. Wapiga kura wa jimbo hilo walizikataa shule za mkataba mwaka 1996, wakazikataa tena mwaka 2000, na mwaka 2004 wakaifuta kwa kura sheria iliyokuwa imekwisha kupitishwa na bunge la jimbo. Mwaka 2012 suala hilo hilo likarudishwa kwao kwa mara ya nne. Safari hiyo kampeni ya kuunga mkono ilikuwa na zaidi ya dola milioni 10, ambapo Gates peke yake alitoa zaidi ya milioni 3, na miongoni mwa wachangiaji wengine walikuwamo Alice Walton, mmoja wa warithi wa Walmart, Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Gates, na wazazi wa Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, ilhali wapinzani walikuwa na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Pendekezo likapita kwa ushindi mwembamba, chini kidogo ya asilimia 51.

Wapo wanaosema kwamba kura ni kura, na sikatai. Lakini tazama jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Kikundi cha wazazi wasio na uwezo kikishindwa mara moja, kwa kawaida hurudi nyumbani na jambo likaisha, kwa sababu kukusanya sahihi za jimbo zima na kulipia matangazo ya televisheni ni gharama ambayo hakiwezi kuibeba mara ya pili. Tajiri anaweza kuliuliza swali lile lile hadi jibu lije analolitaka, na akishalipata, hakuna tena anayemudu kuliuliza kinyume chake. Kwa maoni yangu, nguvu ya fedha katika jambo hili imo zaidi katika uwezo huo wa kuchagua swali kuliko katika kununua jibu.

Hata hivyo kisa hakikuishia hapo. Septemba 2015, wanafunzi wakiwa ndiyo kwanza wameanza mwaka wa masomo, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba sheria ile ilikuwa kinyume cha katiba, kwa hoja ambayo nadhani wewe Mwalimu utaipenda: shule isiyosimamiwa na bodi iliyochaguliwa na wananchi haiwezi kuitwa shule ya umma kwa maana ya katiba, na hivyo haistahili fedha zilizotengewa shule za umma. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilizitafutia shule hizo fungu jingine, nalo ni mapato ya bahati nasibu ya jimbo, na mwaka 2018 mahakama hiyo iliuacha mpango huo mpya usimame kwa sehemu kubwa.

Ipo njia nyingine isiyopita kwenye sanduku la kura. Mwaka 2009 serikali ya Rais Obama ilitenga dola bilioni 4.35 zishindaniwe na majimbo, na miongoni mwa mambo yaliyompa mshindani alama ni kutozibania idadi shule za mkataba. Wakfu wa Gates ukatoa hadi dola 250,000 kwa kila jimbo katika majimbo 15 uliyoyachagua, ili yaajiri washauri wa kuandika maombi. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Ila ukitaka kujua sera inavyosafiri, fikiria kwamba anayependa sera fulani ndiye anayemlipa mwandishi wa ombi litakalopimwa kwa sera hiyo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama Mkenya ninayeishi Worcester, Massachusetts. Mwanangu amekosa nafasi katika shule ya mkataba na jina lake liko kwenye orodha ya kusubiri. Naambiwa mwaka 2016 wananchi wa jimbo hili walikataa shule hizo kuongezwa, kisa na maana fedha za kampeni zilitoka kwa matajiri. Je, si mtoto wangu ndiye aliyeadhibiwa? Na vyama vya walimu navyo si vina fedha?

JIBU: Mama, swali lako ni zito kuliko mengi yanayoandikwa na wataalamu, na sitalijibu kana kwamba upande mmoja una malaika.

Lililopigiwa kura mwaka 2016 ni kuruhusu hadi shule 12 mpya, au zinazopanuliwa, kila mwaka, juu ya ukomo uliowekwa na sheria. Gavana Charlie Baker aliliunga mkono. Asilimia 62 ya wapiga kura wakalikataa. Jambo la kusikitisha, na hapa naungana nawe kabisa, ni kwamba Massachusetts, hususan Boston, ndiko shule hizi zilikoonyesha matokeo mazuri kuliko karibu popote. Watafiti walilinganisha watoto walioshinda bahati nasibu ya kuingia na wale walioikosa, yaani watoto ambao wazazi wao waliomba sawasawa, wakakuta kwamba walioingia walipiga hatua kubwa katika hesabu na kusoma. Si majimbo yote yenye habari hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2009, ukihusisha majimbo kadhaa, ulikuta kwamba ni asilimia 17 tu ya shule za mkataba zilizozipita shule za kawaida katika hesabu, huku asilimia 37 zikiwa nyuma yake.

Basi kwa nini wakakataa? Sababu kubwa ilikuwa hofu ya kila mji kwamba mtoto anapohamia shule ya mkataba fedha humfuata, huku gharama za jengo, basi na walimu wa shule aliyoiacha zikibaki karibu vile vile. Hofu hiyo haikuletwa na matajiri. Hata hivyo namna fedha zilivyoingia iliipa mafuta. Zaidi ya dola milioni 15 za kampeni ya NDIYO zilipitia shirika moja la New York lililoitwa Families for Excellent Schools, kwa utaratibu uliowawezesha watoaji kubaki gizani. Mwaka 2017 ofisi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni ililitoza shirika hilo dola 426,466, kiasi ambacho ofisi hiyo haikuwahi kumtoza yeyote kabla yake, na kulilazimisha litaje wafadhili wake. Orodha ilipotoka, ndani yake alikuwamo mwenyekiti wa bodi ya elimu ya jimbo, chombo ambacho ndicho hutoa mikataba ya shule hizo, kwa mchango wa karibu nusu milioni. Mwaka 2018 shirika lenyewe likafunga milango.

Na vyama vya walimu? Ndiyo, vina fedha, na ndivyo vilivyobeba karibu mzigo wote wa kampeni ya HAPANA, kwa mamilioni ya dola. Vina maslahi yao pia, kwa kuwa walimu wengi wa shule za mkataba si wanachama wa vyama. Siwezi kuvitetea kama mtetezi wa mwanao. Tofauti ninayoiona ni kwamba fedha zao zilikuwa na jina juu yake: mpiga kura alipoona tangazo alijua nani amelilipia, akaliamini au akalipuuza kwa kadiri anavyowaona walimu. Mchango usio na jina humnyima hata uwezo huo mdogo.

Kuhusu mwanao, orodha ya kusubiri husogea katika majuma ya kwanza ya mwaka wa masomo, watoto wengine wanapohama, kwa hiyo endelea kuipigia shule simu. Uliza pia katika shule jirani, maana mtoto mmoja anaruhusiwa kuombewa nafasi katika shule zaidi ya moja.

SWALI: Mhariri, naandika kutoka Nairobi. Mambo haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi?

JIBU: Yanatuhusu kwa sababu baadhi ya majina ni yale yale. Shule za Bridge International Academies, iliyofungua ya kwanza Mukuru kwa Njenga mwaka 2009, ziliwekewa fedha na Mark Zuckerberg, Bill Gates na Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay, pamoja na tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika kampuni binafsi. Hapa Kenya hazikuwa shule za mkataba, kwani mzazi alilipa karo, na mwalimu alifundisha kwa kusoma somo lililoandaliwa kwenye kishikwambi. Uganda iliamuru zifungwe mwaka 2016, na Mahakama Kuu ikaikubalia serikali mwezi Novemba mwaka huo. Tawi hilo la Benki ya Dunia lilijitoa mwaka 2022, baada ya malalamiko ya wazazi na walimu wa Kenya kufikishwa kwa kitengo chake cha malalamiko, kilichoko Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani.

Aliyefanana hasa na mfumo wa Marekani ni jirani wa mbali, Liberia. Mwaka 2016 serikali yake ilikabidhi shule 93 za msingi kwa waendeshaji binafsi wanane, bila wazazi kulipa karo, sehemu kubwa ya gharama za ziada zikibebwa na wafadhili wa nje. Waendeshaji wengine walishindanishwa. Bridge ilipewa nafasi yake bila zabuni ya ushindani. Tathmini iliyofanywa kwa kuchagua shule kwa bahati nasibu ilikuta kwamba watoto walijifunza zaidi, jambo ambalo wapinzani hawapendi kulitaja, na ikakuta pia kwamba Bridge iliwaondoa watoto waliozidi idadi iliyopangwa kwa darasa, na kwamba gharama yake kwa mtoto ilikuwa juu mno kuliko bajeti ya kawaida ya serikali.

Ikiwa kaunti yako itapelekewa mpango wa namna hii, soma kwanza kifungu kinachoeleza mfadhili akiondoka gharama hiyo italipwa na nani, kisha uulize kama mkataba wenyewe utawekwa hadharani kabla ya kutiwa sahihi. Nchini Marekani, wakfu wa binafsi unalazimishwa na sheria ya kodi kuorodhesha kila mwaka ruzuku zote ulizotoa, na ripoti hizo ziko wazi kwa yeyote, hata aliyeko Nairobi mwenye intaneti. Ukijua jina la wakfu unaomfadhili mwendeshaji, unaweza kuanza kutafuta leo.